Mgombea Atokaye Nje na Ombi la Nne: Uhakiki wa Riwaya ya All the King's Men

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita tulipokea wageni kutoka usharika rafiki wa Minnesota, jimbo la Marekani lenye Walutheri wengi. Jioni moja, baada ya chakula, mazungumzo yaligeukia siasa. Mzee wa kanisa mmoja kati ya wageni hao alitueleza kwamba kwa muda mrefu alikuwa amechoshwa na vyama viwili vinavyopokezana madaraka nchini kwake. Kwa sababu hiyo mwaka 1992 alimpigia kura ya urais tajiri wa Texas, Ross Perot, aliyesimama bila chama. Mwaka 1998 alimpigia kura ya ugavana Jesse Ventura, aliyekuwa mpiganaji wa mieleka. Perot alishindwa, bali Ventura alishinda, akawa gavana wa Minnesota tangu 1999 hadi 2003. Mwanafunzi wetu mmoja akamwuliza mzee huyo kama aliridhika mtu wake aliposhinda. Mzee akacheka, akajibu kwamba theluji iliendelea kuanguka, na bado ilihitaji mtu wa kuiondoa barabarani. Alipoondoka alituachia zawadi ya riwaya moja, akisema kwamba humo tutapata jibu refu zaidi.

Riwaya hiyo ni All the King's Men, yaani "Watu Wote wa Mfalme", ya Robert Penn Warren (1905–1989). Katika makala hii tunakusudia kuihakiki kwa macho ya mwalimu wa theolojia. Sababu yetu ni ya kichungaji. Wanafunzi wetu wengi husema kwamba siasa ni mchezo mchafu wa vyama, na kwamba hawatapiga kura mpaka atokee mtu wa nje asiye na mawaa. Waumini watakaowahudumia husema vivyo hivyo. Yatupasa kuuliza: huyu mtu wa nje ni nani, naye hutoka wapi?

1. Riwaya na chimbuko lake

Riwaya ilichapishwa mwaka 1946, nayo ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1947. Filamu iliyotokana nayo ilipewa tuzo ya Oscar ya filamu bora ya mwaka 1949. Warren alikuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana katika miaka ya 1930, alikoshuhudia utawala wa Huey Long. Long alikuwa gavana tangu 1928, kisha seneta tangu 1932. Alijenga barabara na madaraja, akawapa watoto wa shule vitabu bila malipo, na wakati huohuo akalishika jimbo lote mkononi mwake. Alipigwa risasi ndani ya jengo la serikali ya jimbo huko Baton Rouge mwezi Septemba 1935, akafariki baada ya siku mbili. Mwandishi mwenyewe alikataa riwaya yake isomwe kama wasifu wa Long, nasi tutaiheshimu hoja hiyo. Hata hivyo hakuna msomaji asiyeona kufanana kwao.

Mhusika mkuu ni Willie Stark, mtoto wa mkulima, mtunza hazina wa wilaya ya mashambani. Anapinga mkataba wa kujenga shule uliotolewa kwa upendeleo, naye anapoteza kazi. Baadaye ngazi ya shule hiyo inabomoka wakati wa zoezi la moto na watoto wanakufa. Ndipo watu wanapomkumbuka Willie kuwa mtu mwaminifu aliyesema kweli. Hadithi yote inasimuliwa na Jack Burden, kijana msomi, mwandishi wa gazeti anayekuja kuwa mtumishi wa Willie.

2. Mlango wa mtu wa nje

Sehemu ya riwaya iliyotushika zaidi ni namna Willie anavyoingia katika siasa za jimbo. Wanaogombea ugavana ni wakuu wa makundi mawili, Harrison na MacMurfee. Watu wa Harrison wanamwendea Willie na kumshawishi kwamba wananchi wanamtaka. Naye anaamini, anazunguka vijijini na makaratasi yake ya hesabu za kodi na barabara, na wasikilizaji wanasinzia. Kumbe ametumwa ili agawanye kura za wakulima ambazo zingekwenda kwa MacMurfee. Sadie Burke, mwanamke mjuzi wa siasa, ndiye anayemfunulia siri hiyo. Siku inayofuata Willie anatupa makaratasi yake, anasimama mbele ya wakulima na kuwaambia kwamba yeye na wao wamedanganywa na watu walewale. Tangu siku hiyo wanamsikiliza.

Hapa Warren ameona jambo ambalo wahakiki wa siasa huchukua kurasa nyingi kulieleza. Mtu wa nje alitengenezwa na watu wa ndani. Walimhitaji kama chombo cha kugawanya kura. Naye alipogundua, hasira yake ikawa mtaji wake mpya. Isitoshe, makundi hayo mawili yamo ndani ya chama kimoja, kwa maana kusini mwa Marekani wakati ule Chama cha Democratic kilitawala bila mshindani wa kweli. Basi hata pale ambapo chama ni kimoja, kambi huwa mbili.

Kwa nini huwa mbili? Maurice Duverger, mtaalamu wa Ufaransa, alilieleza jambo hili mwaka 1951. Pale ambapo kila jimbo humtoa mshindi mmoja kwa wingi wa kura tu, wapiga kura huogopa kupoteza kura zao kwa mtu wa tatu, hivyo husogea kwenye kambi mbili kubwa. Katika uchaguzi wa rais wa Marekani jambo hili huzidi, kwa kuwa rais huchaguliwa na wajumbe 538, na katika majimbo 48 mshindi huchukua wajumbe wote wa jimbo. Mwaka 1992 Perot alipata karibu asilimia 19 ya kura za wananchi, wala hakupata mjumbe hata mmoja. Mwaka 1968 George Wallace, aliyetetea ubaguzi wa rangi, alipata asilimia chini ya 14, lakini akapata wajumbe 46 kwa sababu kura zake zilikusanyika kusini. Mwaka 2000 Ralph Nader alipata zaidi ya kura 97,000 katika jimbo la Florida, ambako George W. Bush alimshinda Al Gore kwa kura 537 tu na hivyo kuingia Ikulu.

Kwa hiyo mtu wa nje huwa na milango miwili. Wa kwanza ni kugawanya kura za mmoja wa wakubwa na kurudi nyumbani. Wa pili ni kuingia katika nyumba ya mmojawapo na kuitwaa. Mwaka 2016 Donald Trump, ambaye hakuwa ameshika wadhifa wowote wa kuchaguliwa, alipita mlango wa pili kwa kushinda uchaguzi wa mchujo wa Chama cha Republican, akawa rais, na mwaka 2024 akashinda tena. Katika kampeni hiyohiyo ya 2024 Robert F. Kennedy Mdogo alianza ndani ya Chama cha Democratic, akatoka na kusimama peke yake. Mwezi Agosti alisimamisha kampeni akamwunga mkono Trump, na mwaka 2025 akawa waziri wa afya katika serikali yake. Hatusemi hapa kama watu hao walitenda mema au mabaya. Tunasema tu kwamba hakuna aliyeshinda urais akabaki nje.

Sisi pia tulirithi kanuni ya mshindi mmoja kwa wingi wa kura, kutoka kwa Waingereza, na historia yetu si ngeni katika hili. Katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, mwaka 1995, matumaini ya wengi waliotaka mageuzi yalimwelekea marehemu Augustine Mrema, aliyekuwa ametoka serikalini na katika chama tawala mwaka uleule. Mwaka 2015 matumaini kama hayo yalimwelekea marehemu Edward Lowassa, aliyekuwa waziri mkuu hadi 2008. Alipata karibu asilimia 40 ya kura akiwa upande wa upinzani, na mwaka 2019 akarudi chama alichotoka. Tunawataja kwa heshima, wala hatuwahukumu. Lakini wote wawili walitoka ndani.

Maandiko yanamjua mtu huyu. Katika Waamuzi 9 Abimeleki anawaendea watu wa Shekemu na kuwakumbusha kwamba yeye ni mfupa wao na nyama yao, kinyume cha wana sabini wa Yerubaali. Maneno hayo yanawapendeza. Wanasahau kwamba yeye mwenyewe ni mwana wa Yerubaali, na kwamba fedha ya kuwaajiri wafuasi wake imetoka katika nyumba ya mungu wao. Abimeleki alitoka ndani kwa baba na ndani kwa mama, naye akajitangaza kuwa mkombozi.

3. Dhambi ya asili mikononi mwa Willie Stark

Willie anapokuwa gavana anafanya mambo mema. Anatoza matajiri kodi, anajenga barabara, anaanza ujenzi wa hospitali kubwa ambayo maskini watatibiwa bila kulipa. Lakini mkaguzi wa fedha wa jimbo anapokamatwa na ufisadi, Willie anamtia saini barua ya kujiuzulu isiyo na tarehe na kumkinga na mashtaka. Mwanasheria mkuu Hugh Miller, mtu mwenye mikono safi, anajiuzulu. Wabunge wanapotaka kumwondoa Willie mwenyewe, anawatisha kwa siri zao. Yote anayatetea kwa theolojia. Katika shule ya Jumapili ya Wapresbiteri alifundishwa kwamba mwanadamu huchukuliwa mimba katika dhambi; basi kwa kila mtu, ukichimba, utapata kitu.

Sisi Walutheri hatuwezi kumwambia kwamba amekosea kuhusu dhambi. Ungamo la Augsburg, Ibara ya Pili, linafundisha karibu jambo lilelile. Tena anaposema kwamba wema hauna budi kutengenezwa kutokana na ubaya, kwa kuwa hakuna malighafi nyingine, anakaribia mafundisho yetu kwamba Mungu huutawala ulimwengu kwa mikono ya wenye dhambi. Basi amepotea wapi?

Kwa mtazamo wetu amepotea mahali pawili. Kwanza, kwake dhambi ya asili ni habari za watu wengine. Ni faili linalotunzwa kabatini mpaka siku ya haja. Katika ibada zetu maungamo husemwa na kila mmoja juu ya nafsi yake, naye mchungaji hupiga magoti pamoja na usharika kabla ya kutangaza msamaha. Willie ana maungamo ya wengine bila ya kwake, naye hana msamaha wa kumtangazia mtu. Pili, daktari Adam Stanton anapomwuliza atautambuaje wema ikiwa umetengenezwa kutokana na ubaya, anajibu kwamba mtu huutunga kadiri aendavyo. Hapo sheria imekufa. Luther alifundisha kwamba Mungu hutumia sheria kuzuia uovu katika jamii, na kwamba mtawala naye yuko chini yake. Kiongozi anayetunga wema njiani hana wa kumzuia.

Hili ni onyo kwa wahubiri. Tukihubiri juu ya siasa kwamba "wote ni wachafu", kisha tukaishia hapo, tumemhubiri Willie Stark. Tumempa hati ya kusafiria mtu wa kwanza atakayesema: kwa kuwa wote ni wachafu, nipeni mimi ninayekiri hadharani kwamba ni mchafu, lakini mchafu wenu.

4. Daktari na mwandishi

Hata hivyo, tunaona kwamba kioo chetu wasomi na wachungaji kimo katika watu wawili walio karibu na Willie kuliko katika Willie mwenyewe.

Adam Stanton ni daktari bingwa, mtoto wa gavana wa zamani, mtu asiyetaka kuguswa na uchafu. Anakubali kuiongoza hospitali kwa sharti kwamba siasa zisiingie. Anapopata habari kwamba dada yake ana uhusiano na Willie, na kuambiwa kwamba kazi yake mwenyewe ilitokana na hilo, anamwua Willie kwa bastola. Usafi usiojua kusamehe umeishia katika damu.

Jack Burden ni mtu aliyekata tamaa. Hawaamini wakuu wa zamani, wala hamwamini Willie sana. Yeye hutafuta ukweli wa mambo tu na kumkabidhi bwana wake. Anapotumwa kumchunguza Hakimu Irwin, mzee aliyempenda tangu utoto, anavumbua rushwa ya miaka mingi iliyopita. Hakimu anajiua, na Jack anajua siku hiyo kwamba mtu huyo alikuwa baba yake mzazi. Kabla ya kifo hicho alikuwa amejitungia falsafa kwamba maisha ni mshtuko wa misuli tu, wala hakuna mwenye kuwajibika. Tukisoma kurasa hizo tulijiuliza ni mara ngapi tumekaa barazani na magazeti, tukiwacheka wagombea wa pande zote, tukajiona wenye hekima. Mtu aliyekata tamaa hujidhania yuko nje ya mchezo. Kumbe, kama Jack, amekuwa mtumishi wake.

Katika fumbo la Yothamu, lililo katika sura ileile ya Waamuzi, mzeituni, mtini na mzabibu zinakataa kutawala, kila mti ukitaja kazi yake njema. Unabaki mti wa miiba, unaowaalika wote kivulini pake, ambapo hapana kivuli. Andiko linawashtaki watu wa Shekemu, wala halisemi neno juu ya miti mema. Lakini kanisa lisijifiche nyuma ya ukimya huo. Iwapo walio na mafuta na matunda watasema daima kwamba siasa si mahali pao, wasishangae ni nani anayetandaza matawi.

5. Upungufu wa riwaya

Hatuna budi kutaja pia upungufu mkubwa wa kazi hii. Wananchi ambao Willie huwaita watu wake ni wakulima Wazungu. Watu weusi wa Louisiana walikuwa wamezuiwa kupiga kura kwa masharti ya katiba ya jimbo ya mwaka 1898, na miaka ya 1930 wachache mno miongoni mwao walikuwa katika daftari. Katika riwaya wanapita pembeni, wakitajwa kwa majina ya dharau ambayo msomaji Mwafrika atayasoma kwa uchungu. Hatujui wao walimwonaje mkombozi huyu.

Sura moja inapunguza lawama. Ni habari za Cass Mastern, ndugu wa familia ya Jack aliyeishi karne ya 19. Anazini na mke wa rafiki yake, rafiki anajiua, mtumwa wa kike, Phebe, anauzwa mbali kwa sababu tu ameijua siri. Cass anamtafuta asimpate, anawaweka huru watumwa wake mwenyewe, na maisha yake yote anabeba kosa lake bila kumsingizia mtu. Warren analinganisha ulimwengu na utando wa buibui: ukiugusa mahali pamoja, unatikisika wote. Cass ndiye anayesema juu ya dhambi maneno ambayo Willie hawezi kuyasema, yaani kwamba ni yake. Lakini hata humo Phebe hapewi nafasi ya kusema, na mwandishi hafuati fundisho la sura hiyo hadi mwisho. Angelifuata, angeona kwamba mtu wa nje anaposema "wananchi", huwa daima amewaacha wengine nje. Msomaji aulize swali hilo katika kila kampeni: katika neno hili "sisi", ni nani hayumo?

6. Ombi la pili na ombi la nne

Jibu letu tunalipata katika kitabu kidogo ambacho kila mwanafunzi wa kipaimara amekisoma. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 Luther anaeleza Sala ya Bwana. Anapofika ombi la nne, la mkate wa kila siku, anaorodhesha mambo mengi: chakula na mavazi, nyumba na shamba, hali njema ya hewa, majirani wema, na katikati ya hayo anaweka watawala waaminifu na serikali njema. Serikali imo katika ombi la mkate. Haimo katika ombi la pili, tunapoomba Ufalme uje.

Tunaamini kwamba hapo ndipo kiini cha jambo hili. Waliochoshwa na vyama viwili wana haki ya kuchoka. Wameomba mkate wakapewa maneno, na kanuni za uchaguzi zinawanyima njia ya kusema hivyo kwa kura. Uchungu wao usidharauliwe. Lakini mtu wa nje huja akiuchukua uchungu wa ombi la nne na kuujibu kwa ahadi za ombi la pili. Anaahidi kuja kwa enzi mpya, mahali ambapo watu walihitaji mizani ya haki sokoni. Anapowaangusha, wanazidi kukata tamaa, nao wanamsubiri mwingine wa nje zaidi.

Mkate huombwa kila siku, nao huliwa ukaisha. Vivyo hivyo serikali njema ni kazi ya kila siku, yenye kurekebishwa sehemu kwa sehemu. Jimbo la Maine lilipoona jinsi mgombea wa tatu anavyogawanya kura, lilibadili kanuni: tangu 2018, katika kuchagua wabunge wa taifa, mpiga kura hupanga wagombea kwa namba, na anayemtaka wa kwanza akiondolewa kura yake huhamia kwa wa pili. Alaska ilianza kutumia utaratibu wa namna hiyo mwaka 2022. Kanuni hizo hazikuleta Ufalme wa Mungu, wala hazikuahidi. Zilikusudia kumpunguzia mpiga kura hofu ya kuipoteza kura yake, na hilo ni mkate.

Hitimisho

Kwa hiyo tunawashauri wasomaji wetu mambo matatu. La kwanza, mwaka wa uchaguzi mimbari isimtangaze mgombea yeyote kuwa mwokozi, awe wa ndani au wa nje. La pili, mimbari isiseme "wote ni walewale", kwa maana ni ushuhuda wa uongo juu ya jirani ambaye hatujamchunguza, nayo ni kinyume cha amri ya nane. La tatu, tuanzie nyumbani. Katika chaguzi za kanisa letu pia yamo makundi mawili, na mara kwa mara hutokea mtu anayesemekana hana kundi. Hapo ndipo wanafunzi wetu wajifunze kuuliza kwa upole lakini bila hofu: ametoka wapi, nani amemwomba asimame, na anapoahidi, anajibu ombi la ngapi?

Riwaya hii tunaisifu pamoja na upungufu wake, nasi tunaipendekeza kwa wanaojiandaa kuhubiri katika mwaka wa kura. Nakala ya mgeni wetu ipo maktabani. Pembeni mwa ukurasa wa mwisho yeye mwenyewe aliandika kwa penseli neno moja tu, "theluji". Kwetu theluji haianguki ila juu ya Kilimanjaro. Lakini kila masika yanapokwisha yako mashimo barabarani, na mtu wa kuyafukia lazima achaguliwe.